Mtoto kaandikiwa dawa za pailori siku 14: probayotiki inaingia wapi na unampaje

Kila wiki pale famasi lazima aje mzazi, mkono mmoja karatasi ya dawa za pailori za mtoto (bakteria wa tumboni, Helicobacter pylori, anayeweza kuleta vidonda vya tumbo), mkono wa pili simu ina picha ya boksi la probayotiki, yaani wadudu hai wazuri wa tumbo, katumiwa na wifi yake au kaiona kwenye grupu la wamama, alafu swali ni lile lile: na hii nayo nimpe? Wengine wanaenda mbali zaidi, wanauliza kama nampa hii si niache tu hizo antibayotiki, manake mtoto mwenyewe ana miaka sita na dawa ni rundo. Nimejibu kaunta mpaka foleni nyuma inaguna, kwa hiyo naandika yote hapa, wenye watoto msome taratibu.

Jibu fupi ni kwamba unaweza kumpa, na kwa watoto wengi inasaidia, ila ujue inasaidia nini. Probayotiki haiui pailori. Hamna sacheti, matone wala kidonge cha probayotiki kinachomuondoa huyo mdudu peke yake, anayekwambia hivyo anataka hela yako. Kazi yake ni nyingine kabisa: antibayotiki zikiingia tumboni zinapiga wabaya na wazuri wote, mtoto anaanza kuharisha, tumbo linanguruma, anasusa chakula, mama anaona huruma, siku ya tano dawa zinawekwa juu ya kabati. Pailori waliobaki ndio wale sugu, na raundi ijayo dawa zile zile hazitawagusa. Probayotiki inapunguza huo usumbufu ili mtoto afike mwisho wa dozi. Mimi nikimuuzia mtu namwambia wazi, hapa unanunua siku ya 14, hununui dawa ya pailori.

Kabla hujatoa hela, hakikisha kweli ni pailori

Hapa ndipo watu wengi wanapotea na ndipo ntakaa kidogo. Mtoto anasema tumbo linauma, unaenda maabara ya mtaani, anatobolewa kidole, dakika kumi na tano unaambiwa pozitivu, unatoka na mfuko wa dawa. Kile kipimo cha damu kinatafuta kinga ambayo mwili ulishatengeneza, na kinga hiyo inaweza kubaki miezi hata miaka baada ya mdudu kuondoka, na kwa watoto wadogo kinakosea sana, kwa hiyo pozitivu ya damu haikwambii kama sasa hivi mtoto ana pailori hai tumboni. Miongozo ya madaktari wa matumbo ya watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini imesema wazi kipimo cha damu kisitumike kuamua kumtibu mtoto.

Vinavyoaminika ni kipimo cha choo kile cha antijeni (kinatafuta alama za mdudu mwenyewe), kipimo cha pumzi ambacho mtoto anakunywa kitu alafu anapuliza, na kile cha juu kabisa ambacho ni kuingiza kamera tumboni na kuchukua kinyama kidogo cha kupima. Hiyo miongozo inataka kwa mtoto ianze kamera, na ikiwezekana wale bakteria wapimwe ni dawa gani inawaua. Kwetu kamera ya mtoto mpaka hospitali kubwa ya rufaa na sio zote, kwa hiyo madaktari wengi wanakwenda na kipimo cha choo pamoja na dalili, nawaelewa. Ila angalau kataa kuanza siku 14 za antibayotiki kwa sababu ya tone la damu.

Kingine ambacho kinawashangaza wazazi: watoto wengi wenye pailori hawaumwi kabisa. Huyu mdudu watu wengi wanampata utotoni, mara nyingi kutoka kwa watu wa nyumba hiyo hiyo, na anaweza kukaa humo miaka yote bila fujo. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na pailori NA maumivu ya tumbo lakini maumivu yanatokana na kitu kingine, choo kigumu (hii ndio namba moja na watu hawaiwazi), minyoo, giadia (vimelea vya utumbo), UTI, hata hofu ya mwalimu wa hesabu. Ukimtibu pailori maumivu yakabaki pale pale usiseme dawa ni feki.

Pailori wanaotafutwa haraka ni kwa mtoto anayetapika damu, choo cheusi kama lami, anaamshwa usiku na maumivu, anapungua uzito, ana upungufu wa damu unaogoma kupona hata akinywa dawa za madini ya chuma. Huyo usimpeleke maabara ya mtaani wala famasi, mpeleke hospitali.

Na wale mnaosema vidonda vya tumbo ni mawazo na pilipili tu, daktari Barry Marshall wa Australia mwaka 1984 aliamua kunywa mwenyewe hao bakteria ili aonyeshe wanaumiza tumbo, akaumwa kweli, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Mambo yameshaisha hayo.

Dawa zenyewe na kwa nini zinamsumbua mtoto

Mara nyingi utaandikiwa dawa ya kupunguza asidi, omeprazole au esomeprazole, pamoja na antibayotiki mbili, amoxicillin na clarithromycin, au amoxicillin na metronidazole. Siku 14. Dozi inapigwa kwa uzito wa mtoto sio umri, kwa hiyo kama hawajampima kwenye mizani waambie wampime, na usichukue dozi ya mtoto wa jirani hata kama wako darasa moja.

Clarithromycin ni chungu hatari, metronidazole inaacha ladha kama ya chuma mdomoni na mkojo unaweza kuwa mweusi mweusi, usishtuke. Amoxicillin yenyewe inanyweka ila ndio inayolegeza choo. Kama mtoto anatumia dawa ya kifafa hasa carbamazepine mwambie daktari kabla, clarithromycin inaipandisha kwenye damu. Na kama aliwahi kuvimba au kutoka vipele kwa penisilini useme mapema, amoxicillin ni jamii hiyo hiyo, usisubiri uulizwe.

Sirapu ya amoxicillin ukishaichanganya na maji haikai siku 14 zote, nyingi ni siku 7 tu, soma lebo. Kwa hiyo unapewa chupa mbili au zaidi, ya pili unaiacha poda mpaka wiki ya pili ndio unaichanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama. Nimeona watu wanachanganya zote siku ya kwanza. Sirapu ya clarithromycin nayo usiiweke friji, inakuwa nzito na uchungu unazidi. Pimia na ile sindano ya plastiki isiyo na ncha, achana na kijiko cha chai, vijiko vya nyumbani kila kimoja na ukubwa wake.

Sasa probayotiki gani

Famasi ukisema nipe probayotiki utapewa yoyote iliyopo, na hapa ndipo hela inapotea, manake hizi sio kitu kimoja, kila aina ina kazi yake na ushahidi wake. Geuza boksi usome jina kamili la mdudu aliyemo. Likiandika tu "bakteria wazuri bilioni kadhaa" bila jina rudisha.

Kwa mtoto anayekunywa antibayotiki majina ni mawili. La kwanza Saccharomyces boulardii, ntaiita bulardi. Hii sio bakteria, ni hamira, yaani jamii ya fangasi, na hapo ndio utamu wake: antibayotiki haziiui, kwa hiyo unaweza kuipanga karibu na dawa bila presha. Iligunduliwa na Mfaransa Henri Boulard mwaka 1923 kule Indochina, aliona watu wakati wa kipindupindu wanakunywa maji ya maganda ya laichi na mangostini, akaitoa humo. La pili Lactobacillus rhamnosus GG, kwenye boksi wanaandika LGG, waliitoa Marekani mwaka 1983 Gorbach na Goldin, hizo G mbili ni majina yao. Hii ni bakteria, antibayotiki inaweza kuiua, kwa hiyo inataka nafasi kati yake na dawa, angalau masaa mawili.

Kiasi, chama cha madaktari wa matumbo ya watoto Ulaya mwaka 2023 walisema kwa kuzuia kuharisha kwa antibayotiki ni wadudu hai bilioni 5 au zaidi kwa siku (kwenye boksi wanaandika CFU), bulardi au LGG, na uanze siku ile ile unapoanza antibayotiki, usisubiri mtoto aharishe ndio ukimbie famasi. Kwa bulardi sacheti ya miligramu 250 mara nyingi ndio hizo bilioni 5, ila thibitisha kwenye lebo.

Na ushahidi wake? Nasema ulivyo. Kwenye kuharisha upo na ni mzuri: mapitio makubwa ya 2019 ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba) yalikusanya tafiti 33 za watoto wanaokunywa antibayotiki za kila aina, wasiopewa probayotiki waliharisha kama 19 kwa kila 100, waliopewa ni 8. Hiyo sio ndogo kwa mzazi anayefua shuka. Kwenye kusaidia pailori wafe, ushahidi ni mwepesi. Wale wa Ulaya na Amerika Kaskazini kwenye mwongozo wao wa pailori wa 2016 walisema isiongezwe kwa kila mtoto kama sheria, alafu hao wa 2023 wakasema daktari anaweza kuongeza bulardi, ila wenyewe wakakiri uhakika ni wa chini sana. Ndio maana nasema inunue kwa ajili ya tumbo la mtoto kutulia, ikiongeza na kuua pailori hiyo bonasi. Na kama hela ni ya kuchagua moja, yaani ama probayotiki ama dozi kamili ya antibayotiki, jamani usiulize, nunua dozi kamili.

Angalia na ekspaya, na ilivyotunzwa. Bulardi iliyokaushwa nyingi inakaa joto la kawaida la chumba, ila chumba cha Dar mwezi wa pili sio kile wanachofikiria waliotengeneza, weka sehemu yenye kivuli mbali na jiko na dirisha. Matone mengi ya bakteria yanataka friji yakishafunguliwa. Ukiona duka limeyapanga dirishani jua linapiga usinunue hata wakikupunguzia.

Ratiba inayofanya kazi na mtoto wa shule

Tatizo la ushauri mwingi ni kwamba unadhani mtoto yuko nyumbani siku nzima. Wa kwetu anaondoka saa moja kasoro na daladala au basi la shule. Nampangia hivi mtu mwenye dawa za mara mbili kwa siku:

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, akiamka tu, omeprazole. Inatakiwa kabla ya chakula, dakika 15 mpaka nusu saa hivi, ukimpa juu ya uji ulioshiba nguvu inapungua. Ile ya kapsuli mtoto asiyeweza kumeza unaifungua, vile vichembe unavitia kwenye kijiko cha mtindi au juisi yenye uchachu kidogo, anameza bila kutafuna. USIVIPONDE, vimevalishwa koti ili asidi isiviharibu njiani, ukiponda umeua dawa.

Saa kumi na mbili na robo, chai au uji, na katikati ya chakula antibayotiki zote mbili. Katikati, sio kabla, kichefuchefu kinapungua sana.

Mchana shuleni hamna kitu. Usimpe mwalimu kazi.

Saa kumi jioni akirudi, probayotiki. Hapo yuko mbali na dozi ya asubuhi na mbali na ya usiku, kwa hiyo iwe LGG au bulardi haina shida. Kama daktari kasema bulardi mara mbili kwa siku, ya pili mpe asubuhi wakati wa chai, ila sio ndani ya chai ya moto, antibayotiki hazitaiua.

Saa kumi na mbili jioni omeprazole ya pili, saa kumi na mbili na nusu chakula cha usiku na antibayotiki. Masaa kumi na mbili kati ya dozi na dozi yanakuwa yametimia.

Bandika karatasi kwenye mlango wa friji au ukutani, kila akimeza weka tiki. Na mnakubaliana nyumbani nani anampa, manake nyumba ya mama, dada wa kazi na bibi, mtoto anaweza kunywa mara mbili au asinywe kabisa kila mtu akidhani mwenzake kampa. Ukisahau dozi mpe ukikumbuka, ila kama saa ya dozi inayofuata imekaribia ruka, usirundike mbili.

Jinsi ya kumpa poda ya probayotiki: maji ya uvuguvugu au ya kawaida, maziwa ya baridi, mtindi, ndizi iliyopondwa. Uji wa moto hapana, chai ya moto hapana, hao wadudu ni hai, ukiwachemsha umempa mtoto vumbi la bei kali. Changanya kiasi kidogo anachomaliza, usimwage sacheti kwenye glasi nzima alafu akanywa robo. Na ukishachanganya anywe hapo hapo, usimuwekee kwenye chupa ya shule.

Kwa uchungu wa clarithromycin: mpe kijiko cha kitu cha baridi kabla ili ulimi ufe ganzi kidogo, dawa uipitishe pembeni ya shavu kwa sindano ya plastiki taratibu, alafu kitu kitamu baada. Siagi ya karanga kijiko kimoja inafunika uchungu vizuri kwa asiye na aleji. Asali sawa kwa aliyevuka mwaka mmoja, chini ya hapo asali ni marufuku. Usimbane pua, anaweza kupaliwa, na kesho yake vita itaanzia chumbani.

Mtindi, togwa na wenzao

Mtaani swali ni kwa nini ninunue sacheti wakati mtindi upo. Mtindi ni mzuri, mpe, una bakteria hai kama haujachemshwa baada ya kuganda, unakaa tumboni kirahisi, na amoxicillin, clarithromycin na metronidazole haziharibiwi na maziwa. Anayetakiwa kuyaweka mbali maziwa ni mwenye tetracycline, antibayotiki nyingine, na hiyo chini ya miaka 8 kawaida haipewi. Ila mtindi wa kawaida hujui umebeba aina gani na kiasi gani, kwa hiyo huwezi kusema umempa zile bilioni 5 za LGG. Uchukue kama chakula kinachosaidia, na chagua usio na sukari nyingi, ile ya rangi ya stroberi ni soda ya kijiko.

Ila kuna habari nzuri ya huku kwetu ambayo haitangazwi. Uganda kuna mradi wa Yoba, wanawauzia wasindikaji wadogo wa maziwa sacheti yenye bakteria ambao ndio LGG wenyewe, hataza (haki ya mwenye ugunduzi kuitumia peke yake) ilishaisha, kwa hiyo mtu wa kawaida kijijini anagandisha mtindi wenye LGG ya kweli kwa bei ya mtindi. Walioko huko waulizie. Mwanza nako tangu 2004 kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza mtindi wa probayotiki na watu wa chuo cha Western cha Kanada, ukajulikana kama Fiti, ila humo wameweka aina nyingine inaitwa GR-1, kwa hiyo usiichukulie kuwa ndio LGG.

Togwa je? Ile ya asili iliyochachushwa kwa kimea, sio ya kuchanganya sukari na unga, ina bakteria wa asidi ya laktiki, na watafiti miaka ya 1990 waliwafuatilia watoto wa Tanzania wakakuta waliokunywa togwa walibeba wadudu wachache wa kuharisha. Wangoni na Wahehe mlikuwa sahihi. Mtoto akigoma maziwa mpe togwa safi, ya siku moja, iliyotengenezwa na maji yaliyochemshwa. Ya siku tatu inaanza kuwa pombe, sio ya mtoto. Mursik, maziwa ya kuganda ya Wakalenjin, nayo sawa kama imetoka nyumba safi na maziwa yalichemshwa kwanza.

Kabichi, kitunguu swaumu, mlonge, asali ya nyuki wadogo, hivyo kama vyakula sina ugomvi navyo. Kama mbadala wa dozi, hapana. Na ile mitishamba ya chupa isiyo na lebo wakati mtoto yuko kwenye dawa tatu, achana nayo kabisa, ini lake dogo hilo.

Akiharisha hata hivyo

Inatokea. Choo laini mara mbili tatu kwa siku bila damu, mtoto anacheza, anakunywa: endelea na dozi, endelea na probayotiki, mpe ORS kila akienda haja na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14. Usimpe dawa za kufunga choo za watu wazima. Usisimamishe antibayotiki kwa uamuzi wako, piga simu kwa daktari kwanza.

Unaokimbia nao hospitali ni damu kwenye choo, macho kuingia ndani na hakojoi, kutapika kila kitu mpaka dawa, homa kali, tumbo limekuwa gumu, au vipele vinavyosambaa na uso kuvimba na kupumua kwa shida, hapo dawa inasimama papo hapo. Choo cheusi kina kesi mbili: kama kaandikiwa dawa yenye bismathi kinakuwa cheusi na ni kawaida, kama hana bismathi wala dawa ya madini ya chuma basi ni dharura.

Siku mbili tatu za kwanza za probayotiki yenyewe mtoto anaweza kujaa gesi. Inapita.

Nani asipewe

Boksi linaandika salama kwa familia nzima na kwa mtoto mwenye afya njema ni kweli karibu mara zote. Ila hawa usiwape bila daktari kusema: mtoto mwenye kinga ya mwili iliyoshuka, kwa mfano anatibiwa saratani au VVU haijadhibitiwa, mtoto aliyelazwa mahututi, mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, na mtoto njiti. Kwa hawa yule hamira anaweza kuingia kwenye damu na ikawa balaa. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani FDA ilitoa onyo kwa hospitali kuhusu kuwapa njiti probayotiki baada ya kifo cha mtoto. Kama nyumbani au wodini kuna mtu wa aina hiyo basi hata kufungua sacheti ya bulardi fungulia mbali naye na unawe mikono, poda inapeperuka.

Na kama mtoto yuko kwenye dawa ya fangasi, nistatini ya utando mdomoni au fluconazole, bulardi haina maana, dawa ile itaiua kwa sababu nayo ni fangasi. Hapo chukua LGG.

Siku 14 zikiisha

Probayotiki unaweza kumaliza pamoja na dawa, au ukaendelea wiki moja mbele kama tumbo bado halijatulia, zaidi ya hapo ni hela tu. Wasikuuzie ya miezi mitatu.

Alafu kuna kitu karibu kila mtu anakiruka, kupima kama pailori ameondoka kweli. Maumivu kuisha sio ushahidi. Unasubiri angalau wiki nne tangu antibayotiki ya mwisho, na omeprazole iwe imesimama angalau wiki mbili, ukipima mapema kipimo kinasema hamna kumbe wamelala tu. Kipimo ni cha choo au pumzi. Cha damu tena hapana, kitasoma pozitivu hata akiwa amepona na utaanza dozi nyingine bure, nimeona mtoto kazungushwa hivyo na maabara moja mpaka mama yake kachanganyikiwa.

Kwa nyumbani, acheni kumtafunia mtoto chakula, kila mtu mswaki wake, mikono na sabuni baada ya choo na kabla ya kula, maji ya kunywa yachemshwe. Ndugu zake wasioumwa hawahitaji kubebwa wote maabara, daktari ataamua kama kuna sababu, mfano mzazi ana vidonda au ukoo una saratani ya tumbo.

Kipimo kikisema bado wapo, usirudi famasi kununua zile zile. Clarithromycin hasa, ikishindwa mara moja hairudiwi kiholela, usugu wake ni mkubwa kiasi kwamba WHO mwaka 2017 iliwaweka pailori sugu kwa clarithromycin kwenye orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya haraka. Nenda kwa daktari wa watoto na karatasi ya dawa za mwanzo au maboksi yenyewe, na ile karatasi ya tiki, ili aone ni dawa gani alikunywa, siku ngapi na alikosa dozi ngapi, ndio achague raundi ya pili. Probayotiki nayo unaanza upya siku ile ile ya kwanza.